Muwasho wa Bwana Mifugo

Jumatatu, 2 Machi

Padri Antoni amenipa kitubio cha ajabu. Nilimwambia dhambi yangu ni ile ile, ulimi, naye akasema Kwaresma hii kila nikikasirika niandike kwanza kabla ya kusema, mpaka Pasaka. Nimenunua daftari kubwa kwa sababu najijua.

Hasira ya leo ni kwamba mume wangu anajikuna matako. Simaanishi kujikuna kwa kawaida, kila mtu hujikuna. Huyu anajisugua kwenye mwimo wa mlango, anapanda na kushuka kama dume la ng'ombe kwenye nguzo ya zizi, na nikitokea anajifanya anakagua bawaba. Jana kanisani alisimama misa nzima, hata wakati wa masomo watu walipokaa. Mama mmoja akaninong'oneza, "Mzee wako siku hizi ana ibada kweli." Nikamwambia tumshukuru Mungu.

Mihayo ni bwana mifugo mstaafu. Hapa Usagara na vijiji vyote vya jirani, ng'ombe akishindwa kuzaa au akikataa kula, anayeitwa ni yeye. Ng'ombe akiwashwa chini ya mkia, atakutajia sababu kabla hajafika zizini. Akiwashwa yeye, ananiambia, "Ni joto tu, Mama Evelina." Joto gani, na mvua inanyesha tangu Ijumaa?

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Bado anajikuna.

Jumamosi, 7 Machi

Ameniambia ni minyoo na kwamba ameshameza dawa. Nilikagua pakiti kuhakikisha ni ya watu.

Nikapita zahanati kuuliza. Sikutaja jina, nilisema kuna mtu ninayemfahamu. Nesi akacheka, maana wote wanaouliza swali hilo wana mtu wanayemfahamu. Akanieleza vizuri lakini. Inaweza kuwa minyoo kweli, na hiyo husumbua zaidi usiku, na nyumba nzima inameza dawa. Inaweza kuwa fangasi, bawasiri, kisukari, au pilipili tu. Inaweza hata kuwa usafi uliopitiliza, mtu anasugua na sabuni mpaka ngozi inachubuka. Akasema aoshe kwa maji matupu, ajikaushe taratibu, avae nguo za pamba, aache kukuna. Akiona damu, uvimbe, usaha, akikonda, choo kikibadilika, au wiki mbili zikipita bila nafuu, aende kwa daktari asingoje.

Nikarudi na maneno hayo yote, nimeyabeba njia nzima nisiyasahau. Mihayo akafura. "Umekwenda kunitangaza."

"Sikukutaja."

"Usagara hii mwenye mke Mhaya anayeshona sare za shule ni nani mwingine?"

Sasa niandike kwa nini anaogopa kutangazwa, kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Binamu yake Obedi alifanyiwa upasuaji wa bawasiri mwaka jana. Aliambiwa akalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni kila siku mpaka apone. Mihayo alipomtembelea akamkuta beseni limemmeza, akarudi kijiweni kwenye kahawa na jina: Bwana Beseni. Likashika. Hata watoto wanamwita hivyo. Na wapo wanaume wa kijiwe waliokwenda mbali zaidi, wakasema mwanaume haumwi huko bure, ana mambo yake. Obedi hakujibu kitu. Kwa Wasukuma binamu ni mtani, na utani haukasirikiwi.

Kwa hiyo aliyetengeneza jina ndiye sasa anayelikimbia.

Jumatano, 11 Machi

Sabuni ya unga. Halafu maji ya chumvi. Leo spiriti. Nimemsikia bafuni akivuta pumzi kwa meno, akatoka anatembea miguu wazi, akaniuliza kama ugali upo. Nilimweleza alichosema nesi kuhusu sabuni. Akasema nesi hajasomea vijidudu kama yeye.

Jumapili, 15 Machi

Leo amekaa kanisani, tako moja. Nimekasirika hata Komunyo sikupokea.

Alhamisi, 19 Machi

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mume msikivu. Aliambiwa mara moja tu, tena usingizini, akaamka akafanya alivyoambiwa. Mimi nimepewa Mihayo.

Nilikuwa barazani kwenye cherehani niliposikia ukelele bafuni. Nikadhani nyoka. Nikakimbia na mkasi mkononi. Nikamkuta ameinama, ameshika ukuta, suruali iko magotini, machozi yanamtoka, na bafu zima linanuka dawa ya josho la ng'ombe. Nimefua nguo zenye harufu hiyo maisha yangu yote ya ndoa, siwezi kuikosea.

"Umepaka nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kupe." Kisha, kana kwamba hilo litanituliza, akasema, "Nimechanganya kipimo cha ndama."

Nimeandika hivyo hivyo alivyosema ili asije akanibishia mwakani. Kipimo cha ndama. Mtu aliyezunguka vijijini akiwaambia wafugaji wavae glavu, wasiguse dawa ile kwa mikono mitupu, ameipaka mahali ambapo ngozi ni laini kama ya mdomo.

Nikammwagia maji ya mvua tuliyokuwa tumekinga, ndoo kwa ndoo. Nilikuwa natukana kwa Kihaya, Padri Antoni hakusema lolote kuhusu Kihaya. Ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu mpaka mapajani. Nikamkalisha kwenye beseni la maji safi. Ndiyo, beseni. Wala hakubisha. Alipoinuka nikaangalia yale maji. Kulikuwa na damu, na haikuwa ya michubuko. Ilikuwa ya kuganda, ina ute, na ilitoka ndani.

"Hii imeanza leo?"

Akageuza uso ukutani.

"Mihayo." Mimi simwiti kwa jina. Nikimwita kwa jina anajua.

"Kabla ya Krismasi," akasema. "Inakuja na kuondoka. Haiumi."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya bafu, maji yote yale. Ule mkanda wake una tundu jipya, amelitoboa kwa msumari. Mimi nilikuwa nimejidanganya kwamba anafunga Kwaresma vizuri mwaka huu. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu tangu kabla ya Krismasi, anatoka damu, anakonda, na mazungumzo yake na mimi ni bei ya mahindi. Kujikuna nilikuona kwa sababu hakuwezi kufichika. Hili alilificha, na angeendelea kulificha mpaka nimvike sanda.

Namtaka hai. Naandika hapa ili niliandike mahali, maana mdomoni linatoka kama matusi.

Ijumaa, 20 Machi

Zahanati wamempa mafuta ya kupaka kwenye michubuko na barua ya kwenda hospitali mjini haraka. Ameikunja akaiweka ndani ya Biblia.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Unajua wanachofanya kule? Wanaingiza kidole."

Nikaweka mwiko chini. "Baba Evelina, wewe umeingiza mkono mpaka kwapani kwa ng'ombe wa Misungwi nzima. Hata siku ya harusi yetu uliondoka ukumbini kwenda kupima mimba ya mtamba wa watu. Leo unaogopa kidole?"

"Ng'ombe hawana kijiwe," akasema.

Nikaokota mwiko, nikageuza ugali kwa nguvu.

Jumatano, 25 Machi

Dada yake mkubwa, Wilhelmina, amekuja kutoka Busisi. Zamani kivuko kilikuwa kinatusaidia, foleni ikiwa ndefu mtu anarudi kwake. Sasa lipo daraja, na wifi anaweza kukutokea mlangoni kabla hujafagia.

Nikampa shikamoo, nikampa chai na michembe ya viazi, nikamweleza yote kwa sababu nilidhani atanisaidia. Alisikiliza mpaka nilipotaja damu, akaweka kikombe chini kwa nguvu.

"Wifi, mambo ya chooni hayazungumzwi mezani."

"Basi tukazungumzie chooni, lakini tuyazungumze."

Akasema mdogo wake amekanyaga kitu alichotegewa na watu wenye wivu, kwamba yupo mtu huko kwao anayejua kutegua. Akasema hospitali wakikuchokonoa huko ugonjwa unakasirika na kusambaa, yeye amewaona watu. Mihayo akaitikia kila neno kama mtoto wa kipaimara. Nilimsindikiza mgeni wangu mpaka barabarani nikiwa nimeuma ulimi. Kuna mtu mwingine mmoja tu duniani aliyenyonya ziwa moja na mume wangu, na anamsukuma kaburini kwa mikono miwili, na huku anasema anampenda.

Jumanne, 31 Machi

Mvua ya mawe. Ametoboa tundu lingine kwenye mkanda.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Kitubio kimekwisha, hasira haijaisha. Nitaendelea kuandika, maana nikiacha nitamuua kabla ya ugonjwa.

Ameahidi Jumatano. Ameapa mbele ya mshumaa wa Pasaka.

Jumatano, 8 Aprili

Nimelowa, nimechoka, na naandika na koti mwilini.

Tulifika mjini asubuhi. Tukapanga foleni, tukaitwa. Daktari ni binti, Gladness, umri wa Evelina wetu. Nilimwona tu nikajua balaa limeingia. Nami nikamchukia bure kwa ujana wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti nzuri kabisa, ya mkutano. Akaulizwa tatizo. Akasema tumbo linajaa gesi.

Gesi. Nikangoja arekebishe. Hakurekebisha. Nikasema mimi: anawashwa tangu Februari, anatoka damu tangu kabla ya Krismasi, amekonda, na alijipaka dawa ya josho. Yule binti hakucheka, hata jicho halikucheza. Akamwambia, "Baba, pole sana. Nitahitaji kukupima kwa kidole. Ni dakika chache, hakuna aibu yoyote hapa ndani. Ukipenda mama abaki, au nimwite daktari wa kiume."

Mihayo akasimama akasema vizuri tu, naomba kwanza niende msalani.

Tukangoja. Daktari akaanza kumwona mgonjwa mwingine. Nikaenda msalani kwa wanaume nikaita mlangoni mbele za watu. Nikazunguka hospitali nzima kwenye mvua, wodi, duka la dawa, getini. Mlinzi akaniuliza, "Mzee mrefu mwenye kofia? Amepanda basi la Usagara kitambo."

Ameniacha. Kwenye mvua, na mfuko wa nguo zake mkononi. Nilirudi kwa yule binti kumwomba radhi. Akaniwekea kiti, akaniambia, "Mama, wengi wanakimbia. Wengine huwa nawaona tena wakiwa wamebebwa. Mlete hata kama ni kwa hila." Nikaona macho yake, nikaona kwamba na yeye amekasirika. Tangu hapo nimempenda.

Nilipofika nyumbani nimemkuta anakula. Amekalia mto. Akaniuliza mbona nimechelewa.

Alhamisi, 9 Aprili

Sijamsemesha.

Jumatatu, 13 Aprili

Sijamsemesha. Nguo yake ya ndani niliyofua leo nimeiangalia nikaikunja upya nikaiweka pembeni. Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba yangu, nikalia kwa hasira mpaka nikasikia njaa.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Obedi. Nimemwambia kila kitu, mpaka josho. Mihayo akijua atasema nimemvua nguo sokoni. Na ajue.

Obedi alinisikiliza huku anafuma wavu wa kuku. Nilimwogopa kidogo, nikijua alivyochekwa. Akaniuliza swali moja tu: "Shemeji, kaburi mngependa upande gani wa nyumba?"

Akasema, "Niachie mimi. Ndiyo kazi ya mtani."

Jumamosi, 18 Aprili

Mihayo alikuwa barazani kwenye mto wake, mvua imekatika, watu wanapita barabarani kwenda sokoni. Obedi akaingia na jembe begani na kamba mkononi.

"Hodi, wafiwa."

Mihayo akatazama huku na huku. "Amekufa nani?"

"Wewe." Akaweka jembe chini, akamvua Mihayo kofia, akamnyooshea kamba toka kichwani mpaka kisiginoni, akafunga fundo. "Mrefu. Lakini udongo wa mvua hii ni laini, tutamaliza mapema. Ukingoja mwezi wa sita utakuwa umekauka, utatutesa. Bora ufe hivi karibuni."

Wapita njia wakaanza kusimama. Mihayo akabadilika rangi. Lakini huyo ni mtani, na mtani hafukuzwi wala hakasirikiwi, anaruhusiwa hata kulala kwenye jeneza la mtu. Obedi akazunguka uani anapiga jembe hapa, anapiga pale. "Hapa pana migomba ya shemeji. Hapa patakuwa na kivuli. Shemeji, unapaonaje hapa?" Nikasema hapo panafaa. Wala sikuwa naigiza.

Kisha akarudi barazani akachuchumaa mbele ya Mihayo, akashusha sauti ili watu wa barabarani wasisikie. Utani ukaisha hapo hapo.

"Mimi Bwana Beseni nilikalia maji ya moto, nikapona. Nakula ninachotaka, nakaa ninapotaka. Jina halikuniua. Lakini siku uliyonipa lile jina nilirudi nyumbani nikalia, Mihayo, na mke wangu akaniona. Sikukuambia, kwa sababu wewe ni mtani wangu. Sasa unataka kufa kwa kuogopa kitu ulichonifanyia mimi, nami nikakimeza?"

Mihayo akaichukua kofia yake, akaigeuzageuza mkononi. Mwisho akauliza, "Ilikuuma? Kile kidole?"

"Aibu iliuma mlangoni. Ndani hapana."

"Lini?"

"Jumatatu. Nitakaa nje ya mlango wa daktari, na ukitoka mbio nakudaka mguu kama beberu."

Niliingia ndani nikawapikia samaki, sato. Ugali ukaungua, sikujali.

Jumatatu, 20 Aprili

Amepimwa. Alishika mkono wangu mpaka pete ikaniingia nyamani. Daktari Gladness alimuuliza damu ilianza lini, akasema, "Mwezi wa pili." Nikafungua mdomo. Akaniwahi. "Desemba," akasema, akiangalia ukuta. "Nilidanganya. Ni Desemba."

Daktari amegusa kitu ndani. Ijumaa wataingiza kamera.

Ijumaa, 24 Aprili

Kamera imekiona. Wamekata kinyama kidogo kwenda kupima. Mvua usiku na mchana, barabara ya kwetu imekatika.

Jumatano, 6 Mei

Ni saratani ya utumbo mpana, sehemu ya mwisho kabisa.

Daktari Gladness ametueleza polepole, akirudia. Muwasho ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa fangasi wa kawaida, wa kumalizwa kwa dawa ya kupaka, ila yeye akaongeza sabuni na spiriti na josho mpaka ngozi ikaharibika. Muwasho peke yake usingemuua mtu. Damu ndiyo ilikuwa ya uvimbe. Uvimbe unaonekana haujasambaa, unaweza kukatwa. "Mngekuja Desemba ingekuwa rahisi zaidi," akasema. "Mngekuja Desemba ijayo, nisingekuwa na la kuwaambia."

Nimelifikiria njia nzima kurudi. Damu haikumuuma, kwa hiyo aliinyamazia. Kama asingewashwa, nisingejua. Nilichokitukana tangu Machi ndicho kilichomtoa mafichoni. Hata hivyo sitaki kukishukuru. Nina hasira nacho, nina hasira na kijiwe, nina hasira na miezi ile yote aliyokuwa ananiaga asubuhi akisema yuko salama.

Basi lilipofika kijiweni akashuka. Nikamwangalia toka mbali. Wakamuuliza anatoka wapi. Akawajibu kwa ile sauti ya mkutano: "Natoka kupimwa mkunduni. Nina saratani. Anayejikuna au anayetoka damu aende mapema, asifanye ujinga wangu. Na yule mnayemwita Bwana Beseni, jina lake ni Obedi."

Kahawa zikapoa mikononi mwao.

Alhamisi, 14 Mei

Wamemkata leo. Amezinduka. Uvimbe wote umetoka, wanasema.

Jumatatu, 18 Mei

Amegombana na nesi kuhusu uji. Nilifurahi nikalia, halafu nikamkaripia.

Jumamosi, 23 Mei

Yuko nyumbani, amekonda, ana mfuko wa choo ubavuni ambao daktari anasema ni wa muda. Matibabu mengine yanaendelea, hakuna aliyetuahidi kitu. Mvua zimeanza kuisha.

Siku ya kuruhusiwa Daktari Gladness alitwambia saratani hii wakati mwingine hufuata ukoo, kwamba ndugu wa tumbo moja na watoto nao wapimwe. Evelina nilimpigia mimi. Alilia, akasema atakwenda. Kumpigia Wilhelmina kulibaki kwa Mihayo, na kwao mdogo hazungumzi na dada yake mkubwa habari za chini ya mkanda. Siku mbili alikuwa anaishika simu anaiweka.

Leo baada ya chai akapiga. Masikio yake yamechoka, huwa anaweka sauti ya nje.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Mihayo. Umeamkaje, baba?"

"Salama. Dada, nina swali la kukuvunjia heshima. Unisamehe kabisa." Akafumba macho. "Ukienda chooni, unatoa damu?"

Nilisikia kuku wa uani kwake. Nilishajiandaa kwa matusi, nilishajiandaa na majibu yangu pia, nimeyatunza tangu ile siku ya michembe.

"Tangu mwaka juzi," Wilhelmina akasema.

Mihayo akaiachia simu mapajani. Nikaichukua mimi. Majibu yangu yote yalikuwa mdomoni, na sikuyataka tena hata moja.

"Wifi," nikasema, "fungasha nguo. Nakuja kukuchukua."

"Leo ni siku ya soko, wifi. Na watu wataniuliza naenda wapi."

"Nitawajibu mimi."

Mihayo anatafuta kofia yake, anasema anakuja pia. Nimemwambia akae. Amekataa, na navaa viatu.